Kwa Dada Paskalina, Kabla ya Sindano ya Kesho

Dada Paskalina,

Ningekuuliza hali kama barua zote zinavyoanza, ila hali yako naijua. Naandika kwa kalamu ya mwanao Emanueli, kwenye daftari lake la kazi, lile analoandikia majina ya wageni anaowashusha kreta kwa gari kutazama wanyama. Kaniachia kurasa kumi. Nimemwambia hazitoshi, mimi nikishika kalamu hata karani wa mahakama anaweka yake chini. Darasa la nne, sawa, lakini darasa la nne la wakati ule. Mwalimu akikwama kwenye hesabu alikuwa anatuma mtu machungani, niitwe mimi.

Umeona, nimeshaanza. Mwalimu hakuwahi kuniita.

Neno lenyewe ni hili. Kesho ni mnada na nesi anakuja zahanati. Nina miezi mitatu sijachomwa sindano. Emanueli amesema atafika asubuhi na gari, atazima injini hapo mlangoni, na kama sitaki kupanda hatasema kitu. "Mjomba, mimi sifungi mtu." Ndivyo alivyosema, na sauti yake ilikuwa ya kwako kabisa. Kwa hiyo nikipanda, nisipopanda, ni juu yangu. Tangu niugue jambo hilo halijawahi kuwa juu yangu hata siku moja. Nimeona nikuandikie kabla sijaamua.

Ulinipeleka kwenye ile sindano miaka yote ile, dada, na hukuniuliza ikoje. Sikulaumu. Hapana, nafuta. Nakulaumu kidogo. Uliniuliza kama nimekula, uliniuliza kama nimelala, uliniuliza hata kama viatu vinabana. Sindano hukuuliza. Basi nitakuambia leo.

Ni ya mafuta. Inaingia taratibu kama grisi kwenye gurudumu la trela, na unaisikia inavyotafuta mahali pa kukaa. Nesi anasema inakaa kwenye nyama na kutoka kidogo kidogo mwezi mzima. Maana yake mimi nilikuwa natembea na askari ndani ya tako, hasinzii, haombi ruhusa. Na kumshushia suruali binti wa Moshi ambaye ningeweza kumzaa, mimi niliyewapikia wageni wa nchi kumi na nane katika hema moja! Nilikuwa natazama kalenda ya ukutani mpaka amalize. Kalenda ile naijua kuliko walioichapa.

Benchi la pale nje lilikuwa na watu wake. Unamkumbuka yule Mmasai aliyetoka Piyaya akahamia kwa shemeji yake huku. Yeye aliipenda. Alisema vidonge mke wake alikuwa anamhesabia asubuhi na jioni kama ndama, anamwambia na mdomo afungue atazame. "Hii nachomwa mara moja, halafu mwezi mzima mimi ni mwanaume." Yule mama mchuma kahawa wa Oldeani aliiogopa, aliambiwa na majirani inafunga uzazi, akawa anakuja huku analia na anakuja hivyo hivyo. Mimi nilikuwa katikati yao. Niliipenda kwa sababu haionekani. Vidonge vinakaa dirishani kila mgeni anaviona, lakini nani atakufunua tako njiani?

Na wewe ulinisaidia kuificha. Siku ya mnada ulikuwa unambeba kuku kwapani, tukikutana na watu tunasema tunaenda kuuza kuku. Tunapita nyuma ya zahanati, nachomwa, tunarudi na kuku. Kuku mmoja, Paskalina, karibu mwaka mzima. Mwisho yule kuku alikuwa anatutangulia. Mimi nilidhani tumewaweza watu. Kumbe kijiji kizima kilijua. Mzee Sulle kaniambia juzi walikuwa wanamwita yule kuku Daktari.

Kilichonitesa ni mikono. Unajua nilivyokuwa. Kambini nilikuwa namenya kiazi ganda linatoka moja, refu, wageni wanapiga picha. Halafu ukaanza ule mtetemeko, na vidole vikakaza kama vya mtu aliyeshika jembe kwenye baridi. Nikamwaga supu kwenye mapaja ya mzungu. Nikasema ni malaria niliyoipata nikivuka Kongo kwa miguu, na wewe unajua mimi Kongo naijua kwa redio. Wiki mbili baadaye wakaniambia watanitafuta msimu ujao. Msimu ujao ukaja, wakapita na gari wakanipungia.

Nesi alinipa vidonge vyeupe vidogo vya kulegeza mikono. Hili sikukuambia. Nilivitupa chooni, vyote, kila mwezi. Ulikuwa unauliza, "Unavimeza?" nakujibu, "Navimeza." Ningevimeza wapi? Mbele ya shemeji zako, mbele ya wapiga soga wa dukani? Ningekuwa mgonjwa mbele ya macho ya watu kila siku, na mimi nilikuwa nimekubali kuwa mgonjwa siku moja tu kwa mwezi, tena kwa kupitia nyuma.

Na kulikuwa na jambo lingine, hilo ndilo lililotuua. Mimi ni mtu wa hadithi. Baba alikuwa hivyo, babu alikuwa hivyo. Zamani nikisema nilimfukuza fisi mpaka akageuka akaomba radhi, watu wanashika matumbo, wananiongezea pombe. Baada ya kuugua, nikisema fisi aliomba radhi, watu wanatazamana. Mmoja anauliza pembeni, lakini nasikia, "Huyu amechomwa lini?" Hata nikisema mvua inakuja. Hata nikikataa bei ya kiberiti dukani, wanasema hivyo hivyo: Sindano imeisha. Mtu mwenye akili zake anaruhusiwa kuwa mwongo, dada. Mimi nilinyang'anywa.

Wewe peke yako ndiye uliyekuwa unajua kupambanua. Ulikuwa unasikiliza kichwa upande, halafu unasema, "Endelea, huo ni uongo wa afya." Na ile mara ya kwanza, nilipoona wale nyati wawili wamesimama kati ya kitanda na mlango na wanalijua jina langu, ulikaa na mimi chini ukasema taratibu, "Bura, huu si wako." Sijui uliwezaje. Wengine wote walisikia nyati na nyati.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Nimezunguka nyumba ya kutosha.

Nilikuwa nimechomwa siku nane nyuma. Nilikuwa mzima kama mtungi. Tangu nipoteze kazi ya kambi nilikuwa na kazi moja pale nyumbani, na niliipenda: kuwasindikiza ninyi wanawake mkienda kuni ukingoni mwa msitu, kupiga debe na kupiga kelele ili nyati wa Hifadhi wasikie mapema wajiondokee. Siku ile wenzako wote walikuwa kwa Mzee Sulle wanapiga maharage ya ngwara, trekta lilikuwa linakuja kuchukua magunia. Ukasema tutaenda wawili. Ukafunga kanga kiunoni, ukauliza, "Debe liko wapi?"

Nikasema, "Debe la nini? Nyati wa msitu huu wananijua. Wakinusa jasho langu wanapelekeana habari mpaka Endulen."

Ulicheka. Ukasema huo ni wa afya. Ukatangulia.

Haukuwa wa afya, Paskalina. Haukuwa wa ugonjwa pia. Ulikuwa uongo wa aibu, na huo hukuwahi kuusikia kwangu kwa hiyo hukuutambua. Wiki ile kijiti cha debe kilikuwa kimeniponyoka mara tatu mbele ya wanawake, na mmoja alicheka akajifunika mdomo. Nikaona bora niende mikono mitupu na maneno makubwa. Vile vidonge vyeupe vingenishikisha kijiti. Nimeyapanga haya mambo kichwani miezi mitatu, na kila nikiyapanga yanakaa vile vile.

Nyati nimewasimulia mara mia. Nimepigana nao, nimewapanda, nimewakama maziwa. Yule wa siku ile sina la kusimulia. Alikuwa mmoja, dume zee, matope mgongoni. Alitoka kwenye majani bila haraka. Alikupiga mara moja akaendelea na njia yake kama mtu aliyefunga mlango. Ulikaa chini umeshika ubavu, ukanitazama, ukasema, "Kimbia, Bura. Waite watu."

Nilikimbia. Hapo sikudanganyi, sijawahi kukimbia vile, na hakuna aliyeniona.

Kwa Mzee Sulle walikuwa zaidi ya ishirini, vumbi la ngwara limewajaa kwenye nyusi. Nikasema, "Nyati kampiga Paskalina, juu kwenye kuni." Mzee Sulle akaegemea fimbo yake ya kupigia. Akasema, "Ni yule anayelijua jina lako, au umepata mwingine?"

Wakacheka, wanaume kwa wanawake. Na unajua nani aliyewafundisha kucheka wakisikia neno nyati? Mimi. Miaka thelathini nimewafundisha, bila likizo.

Nikarudia. Nikapiga mateke ungo wa mke wake, ngwara zikamwagika, nikamshika Mzee Sulle kifuani. Hapo hakuna aliyecheka tena. Nikasikia nyuma yangu, "Sindano imeisha huyo, shikeni." Walikuwa watano. Walinifunga na kamba ya magunia. Nikawaambia, nimechomwa siku nane zilizopita, kadi iko mfukoni, itazameni. Kadi ilikuwa hapa, mfuko wa shati, ina tarehe na sahihi ya nesi. Hakuna aliyeingiza mkono. Wakanilaza juu ya magunia kwenye trela, vijana wawili wakanikalia miguu, trekta likageuka kwenda zahanati. Mzee Sulle alisema kwa huruma, "Pole, Bura, utapumzika." Huruma yake ndiyo inayonichoma mpaka leo. Angenipiga ningemsamehe.

Nesi wa mnada hakuwepo. Alikuwepo yule mhudumu mwingine. Aliwauliza walionileta, "Amekosa sindano?" Wakajibu, "Amekosa." Mimi nilikuwa pale, dada, mita moja, nina mdomo. Mtu aliyefungwa kamba haulizwi kitu. Akanichoma ile ya mwezi juu ya ile ya siku nane, na nyingine ya kulaza. Nililiita jina lako mpaka ulimi ukajaa kinywa.

Jua lilikuwa limeelekea ziwa Eyasi ndipo mke wa Sulle aliposhangaa mbona hukuja kurudisha ungo wake mwingine, ule uliouazima. Akapanda na wanawake wawili. Walikukuta si pale nilipokuacha. Ulikuwa umejivuta umbali wa shamba zima kuelekea njiani. Sisi hatukuja, ukawa unakuja mwenyewe kuwaambia.

Nilikuzika nikiwa gogo. Shingo imegeukia bega la kushoto haitaki kurudi, mate yanatiririka, Emanueli ananifuta na leso yake kama mtoto. Wakanipa udongo nitupe. Ngumi haikufunguka. Padri akasubiri, watu wakasubiri, mwisho Emanueli akanikunjua kidole kimoja kimoja. Nikasikia mwanamke anasema, "Hata hakulia." Na kweli sikulia. Hata machozi yaligoma.

Nikupe habari za huku. Barabara ya lami imefika, magari ya wageni yanapita kama upepo hayanyanyui vumbi tena. Emanueli kanunua simu, lakini anapanda juu ya kichuguu ndipo aipate sauti. Ng'ombe wako yule mwekundu kazaa jike.

Mzee Sulle alikuja na kondoo na chupa ya asali, akakaa hapo kwenye kigoda kofia mkononi. Akasema, "Bura, tulifanya tulivyojua." Nikamwambia, "Mlijua nini?" Akanisogezea kamba ya kondoo. Kondoo nikampokea. Ningemkatalia ningeambiwa sindano imeisha.

Na sasa, sikia hili, sasa wananiamini. Wananiamini kila kitu. Juzi dukani nikasema tembo amekunywa maji bombani akafunga koki vizuri akanishukuru. Hakuna aliyecheka. Muuza duka akauliza, "Ilikuwa saa ngapi?" Nikisema chui kavuka, watu wanaingiza mbuzi. Wananipisha njiani macho chini, kama wazee wetu walivyokuwa wakimtenga mtu wa metimani, mwenye kifo mwilini asiyesalimiwa. Nilitaka kuaminiwa siku moja tu, nusu saa ya siku moja. Hizi nyingine zote hawakuwa na haja ya kunipa.

Tangu siku ile sijarudi kwenye sindano. Mwezi wa kwanza nilikuwa bado nimekakamaa. Mwezi wa pili mikono ikarudi, Paskalina. Nimemenya kiazi ganda likatoka moja. Nilikaa nikalitazama lile ganda kuliko nilivyotazama kitu chochote tangu ufe. Nikasema basi, sindano na mimi tumeachana, wanifunge tena kama wanataka.

Mwezi wa tatu, wewe ukaanza kuniita.

Unakuja mchana, nikiwa naosha sufuria. Sauti inatokea upande wa njia ya kuni. Mara ya kwanza niliitika, nikaweka sufuria chini, nikatoka. Sitakuficha, nilifurahi. Unaniambia si kosa langu. Unaniambia debe halikuwa na maana. Unaniambia nyati wananijua kweli. Nikikusimulia habari ya Kongo unasema, ndiyo, nakumbuka ulivyovuka. Unasema kuna kuni nyingi kavu juu pale, niende na kamba, unanisubiri.

Mara mbili nimefika kwenye uzio. Mara ya pili Emanueli alinikuta na kamba mkononi. Hakuniuliza ya nini. Aliichukua akafungia ndama.

Sasa nisikilize vizuri, maana naandika na wewe unaniita hivi sasa. Dada yangu hakuwahi kuniambia jambo tamu hivyo. Dada yangu angesema, "Bura mjinga wewe, vidonge ulivipeleka wapi?" Dada yangu hata siku ya kipaimara changu alinisifu kwa kunivuta sikio. Huyu anayeniita ananikubalia kila kitu. Hanipingi. Nimemsikiliza wiki nne kichwa upande kama ulivyokuwa ukifanya, na nimejua. Ungesema, "Huu si wako." Si wewe.

Lakini ana sauti yako, Paskalina. Yote. Mpaka ile ya kukwama kidogo kabla ya kutaja jina langu. Nimebaki na hiyo tu, kwa maana picha yako ipo moja na umefumba macho.

Kwa hiyo upande mmoja nina mikono mizima na sauti yako, inayonivuta msituni. Upande mwingine nina sindano waliyonichoma wewe ukifa. Watu wakiniuliza nitawaambia naichukia, na nitakuwa nasema kweli. Simsamehei yule mhudumu. Simsamehei Sulle, kondoo wake nimemla na bado. Wewe nakusamehe kwa kutoniuliza. Mimi mwenyewe bado sijajisamehe.

Nitapanda gari kesho. Nimeamua hapa hapa, kati ya mstari ule na huu. Tutapita mbele, penye benchi, mnada ukiwa umejaa. Nitamwambia nesi kabla hajavuta dawa: hii ni kadi, soma, hii ni mikono, tazama, kiasi kile ni kingi, punguza, vile vidonge vyeupe nipe, nitavimeza hapo dukani mbele ya kila mwenye macho. Asipotaka kunisikiliza, nitakaa hapo kwenye benchi mpaka anisikilize. Ninajua kukaa.

Nesi alisema zamani kwamba dawa haikamati siku hiyo hiyo. Kwa hiyo utaniita tena kesho kutwa, na labda wiki nzima, kila siku kwa mbali zaidi, halafu siku moja nitaosha sufuria mpaka mwisho na kutakuwa kimya. Siku hiyo ndiyo nitakayokuwa nimekuzika, na safari hii kwa mikono yangu.

Habari ya kifo chako nitaisimulia kama ilivyokuwa, pamoja na debe nililoliacha nyumbani. Wengine nitaendelea kuwadanganya kwa mengine yote, hilo usinikataze. Hilo moja siliongezi wala silipunguzi.

Na nakuahidi hili, ndilo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya na yale niliyosema nimefanya: ukiniita, sitaitika.

Lala, dada.

Mdogo wako,
Bura